"La Patrona" na swali la mama wa Kapata

Jioni, kama umeme uko, kiwanja cha jirani yangu hapa Kolwezi kinajaa watu. Televizio inatolewa nje, inawekwa juu ya meza ya plastiki, waya unapita dirishani. Wamama wanakaa mbele juu ya bidoni na viti vidogo, watoto wanakaa chini, sisi wanaume tunasimama nyuma, kila mtu anajifanya kama anapita tu. Lakini tunaangalia wote.

Mimi ni mtu wa sendika ya migodi. Miaka yote nilisema novela ni kupoteza wakati: watajiri wanalia katika nyumba nzuri, na maskini wa Kongo wanawalilia huku bukari inaungua. Tangu Marimar ya Thalía, ile ya mwaka wa 1994, nilikuwa na maneno yale yale. Ila hii moja ilinishinda. Inaitwa La Patrona, na haianzii katika jumba la mtajiri. Inaanzia kwenye mgodi.

Wamama walioijaza ile kiwanja ni wamama wa kusafisha madini. Wengine wanatoka upande wa Kapata, wanatumika kazi majini, mikono inapasuka. Usiku ule Gabriela alipotokea na kofia ya mgodi kichwani, uso mweusi na vumbi, walinyamaza wote. Kisha mmoja akasema: "Tazama, huyu ni mwenzetu."

Kwa wale ambao hawakuiona, nieleze kidogo. La Patrona ilipita mara ya kwanza kwenye televizio ya Telemundo kule Marekani, kuanzia tarehe 8 Januari mpaka tarehe 9 Julai 2013. Ni vipindi zaidi ya 120. Telemundo ina makao yake upande wa Miami, na inasema Kihispania juu Marekani iko na mamilioni ya watu wa lugha ile. Lakini filamu yenyewe ilipigwa Meksiko, pamoja na kampuni ya Argos. Ile Argos iliundwa mwaka wa 1992 na Epigmenio Ibarra na wenzake. Zamani Ibarra alikuwa mwandishi wa habari za vita kule El Salvador. Basi ni kazi ya nchi mbili.

Gabriela anachezwa na Aracely Arámbula, Mmeksiko. Mpenzi wake Alejandro ni Jorge Luis Pila, mtu wa Cuba. Na yule mama mubaya, Antonia Guerra, mwenye mgodi na mwenye kuogopwa na muji wote wa San Pedro del Oro, alichezwa na Christian Bach, mzaliwa wa Argentina, aliyefariki mwaka wa 2019. San Pedro del Oro ni muji wa kutungwa tu, lakini mtu wa Lualaba haoni shida kuutambua.

Habari iko hivi. Gabriela ni mwanamke peke yake katika mgodi wa dhahabu. Baba yake anavumbua mshipa mkubwa wa dhahabu. Antonia anautaka. Baba anakufa, mshipa unaenda kwa mwenye nguvu, na Gabriela, aliyempenda mtoto wa yule mama, anafungwa katika hospitali ya wendawazimu, ingawa akili yake ni nzima. Wanamtesa. Mwishowe anatoka, anapata mali, na miaka ikipita anarudi muji ule na jina lingine na nguo nzuri. Sasa yeye njo patron. Anaanza kulipiza kisasi, mmoja mmoja.

Sisi tuliosoma sekondari, hadithi ile tunaijua. Ni ya Alexandre Dumas, Le Comte de Monte-Cristo: Edmond Dantès anafungwa bure, anatoka tajiri, anarudi kuadhibu waliomfunga. Ndiyo maana Gabriela akirudi anajiita Verónica Dantés. Kwanza Venezuela waliifanya novela mwaka wa 1984, La Dueña, iliyoandikwa na José Ignacio Cabrujas na Julio César Mármol. Kisha Valentina Párraga akaichukua ile na kuitengeneza upya kwa Telemundo. Kitabu cha Ufaransa, novela ya Venezuela, makuta ya Miami, mikono ya Meksiko, na mwishowe inaangaliwa na mama anayesafisha mawe Kolwezi. Kobalti yetu nayo inasafiri vile, inatoka hapa inapita nchi nyingi mpaka katika telefone ya mtu asiyejua Kolwezi iko wapi.

Sasa niseme mambo ambayo waandishi wale waliyaona sawasawa.

La kwanza ni mwanamke mgodini. Kwetu huku, mwanamke ananunua, anauza chakula, anapepeta, anachagua mawe, anasafisha, anabeba. Lakini shimoni haingii. Wachimbaji wanasema: "Mwanamuke akiingia mu shimo, minere inakimbia." Usifikiri ni imani ya Weusi tu. Shirika la Kazi la Kimataifa la Geneva lilipitisha mkataba namba 45 mwaka wa 1935, kukataza wanawake kutumika kazi chini ya ardhi migodini. Walisema ni kwa kuwalinda. Leo kampuni kubwa zinaajiri wasichana wa kuendesha malori makubwa ya mgodi, na madini hayajakimbia. Lakini yule anayesafisha mawe ziwani Malo, karibu na Kapata, na mtoto mgongoni, hakuna anayemlinda kwa mkataba wowote. Anatumika nje ya shimo, lakini vumbi ni lile lile, na malipo ni kidogo kuliko ya mwanaume. Kwa hiyo ile katazo ilimtoa kwenye shimo, haikumtoa kwenye hatari.

La pili ni mshipa. Baba ya Gabriela alipoona dhahabu, kijana mmoja nyuma yangu alipiga kelele: "Ile haina filamu, ile ni Kasulo!" Watu wakacheka, lakini alisema ukweli. Mwaka wa 2014, katika mtaa wa Kasulo, mtu alichimba kwake nyumbani akakuta kobalti. Muda kidogo tu, mtaa wote ukawa mashimo: uani, jikoni, hata chumbani, watu wakichimba chini ya kitanda. Mwaka wa 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, familia zikahamishwa. Na wengi waliuliza swali lile la San Pedro del Oro: niliyeona jiwe ni mimi, kwa nini jiwe ni la mwingine?

Jibu liko katika sheria, na ni vizuri tulijue. Tangu sheria Bakajika ya mwaka wa 1966, na ile ya mashamba ya 1973, udongo na vilivyo chini yake ni vya Serikali. Code ya migodi ya 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, imebaki palepale. Parcelle yako inakupa haki ya kukaa, haikupi haki ya madini. Mwenye madini ni mwenye karatasi kutoka Kinshasa. Antonia Guerra hakuhitaji kuchimba hata siku moja. Alihitaji karatasi na watu wa kumwogopa.

La tatu ni ile hospitali ya wendawazimu. Hapo ndipo nilijiona mwenyewe. Miaka ya nyuma, katika kampuni moja, mimi na wenzangu wawili tuliandika barua kuomba maski za vumbi kwa watu wa kusaga mawe. Hatukuitwa wendawazimu. Tulitwa wachochezi. Kontra zetu zilipofika mwisho hazikuendelea, na mwaka mzima kila mlango tuliogonga walikuwa wameshasikia jina letu. Mtu akisema ukweli mgodini, kwanza wanaharibu jina lake. Ukishaharibu jina, hata wenzake wanamkimbia. Novela inaonyesha kwa sindano na kamba. Kwetu inafanyika kwa simu moja kati ya wakubwa wawili.

Niseme pia juu ya kufanya kazi nchi mbili pamoja, juu watu wa Lualaba tunaijua vizuri. Telemundo na Argos walishirikiana: mmoja anatoa soko na makuta, mwingine anatoa wachezaji, mafundi, na ardhi ya kupigia picha. Sisi tunaita joint-venture. Sicomines, kwa makubaliano ya mwaka wa 2008, ni 68 kwa mia upande wa China na 32 upande wa Gécamines. Kule KCC, Gécamines iko na 25 kwa mia. Kule Tenke Fungurume, 20. Sisemi ushirikiano ni mubaya. Bila ushirikiano ile novela isingekuwako, na mashimo yetu mengi yangekuwa yamejaa maji tu. Ninasema kwamba mtu akitaka kujua ushirikiano unamfaa nani, asiangalie majina mawili yaliyoandikwa mwanzoni. Aangalie nani anaweka bei, nani anasoma hesabu, na nani anabakia na vumbi kazi ikiisha. Code ya 2018 ilisema kampuni itoe 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale inapochimba. Ni kidogo, lakini ni haki yetu. Kijiji kisichojua hesabu ile hakiwezi kuidai.

Basi, mpaka hapo nilikuwa ninaisifu novela. Sasa nifike kwa swali.

Ilikuwa kipindi ambacho Gabriela amesharudi na jina la Verónica Dantés. Wamama wanapiga makofi. Anaingia katika muji, anashuka katika gari, Antonia anatetemeka. Kila mtu alifurahi. Yule mama wa Kapata, mtu mzima, hasemi sana, aligeuka akanitazama. Akaniuliza mbele ya watu wote:

"Papa wa sendika, nikuulize kintu. Huyu sasa iko na makuta mingi, njo yeye patron. Mu ile shimo, nani anabakia kutumika?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka kidogo, nikasema tungoje kipindi cha kesho. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Juu yule mama alikuwa ameona kile ambacho mimi, mtu wa mikutano, sikukiona. Gabriela alipokuwa mchimbaji tulimpenda juu alikuwa mwenzetu. Aliporudi tajiri tuliendelea kumpenda, na hatukuuliza tena habari za wale waliobaki chini na taa vichwani. Novela inatufundisha kwamba mnyonge anashinda siku anapokuwa na mali kuliko adui yake. Haki inakuja na mtu mmoja, katika gari nzuri. Na hapa Kolwezi vijana wetu wengi wanafikiri vile vile. Kila mchimbaji anangoja siku yake ya kupata jiwe kubwa, anunue gari, na yeye awe mnunuzi, aweke mizani yake njiani. Akifika pale, anawapunja wenzake kama alivyopunjwa.

Katika maisha ya kweli, Verónica Dantés harudi. Watu wa Meksiko wenyewe wanajua. Tarehe 19 Februari 2006, katika mgodi wa makaa wa Pasta de Conchos, jimbo la Coahuila, gesi ililipuka. Wachimbaji 65 walikufa. Miili miwili tu ilitolewa. Ile 63 ilibaki chini miaka mingi, na wajane walikuwa wakienda mpaka mlangoni mwa mgodi kuomba mifupa ya waume zao. Hapana tajiri aliyekuja kuwalipia kisasi. Kilichofanyika kilifanywa na wajane wenyewe, kwa kukataa kurudi nyumbani.

Na zamani zaidi, kuna Cananea, mgodi wa shaba kama wetu, kaskazini ya Meksiko karibu na mpaka wa Marekani. Juni 1906 wachimbaji waligoma. Walitaka peso tano kwa siku, saa nane za kazi, na Mmeksiko alipwe kama Mmarekani anayefanya kazi ile ile. Watu wenye bunduki walivuka mpaka kutoka Arizona kusaidia kampuni, na wafanyakazi zaidi ya ishirini walikufa. Mwaka ule ule wa 1906, mwezi wa kumi, Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Miaka 35 ikapita, na Desemba 1941 baba zetu wa Union Minière nao waligoma juu ya mshahara. Kule Élisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 9 askari waliwapiga risasi. Makumi walikufa, na Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea, alikufa pamoja nao. Wakoloni hawakufukuzwa na mtu mmoja tajiri aliyerudi na jina lingine.

Kwa hiyo nikatafuta jibu la yule mama kwingine, na nikalikuta katika filamu nyingine, ya watu wale wale wa mpaka wa Marekani na Meksiko. Inaitwa Salt of the Earth, Chumvi ya Dunia, ya mwaka wa 1954, ya Herbert Biberman. Inafuata mgomo wa kweli wa mgodi wa zinki wa Empire Zinc, jimbo la New Mexico, kati ya 1950 na 1952. Wachimbaji wengi walikuwa wa asili ya Meksiko. Tribinali ilipokataza wachimbaji kusimama mbele ya mlango wa mgodi, wake zao walisema: karatasi inakataza wachimbaji, haikatazi sisi. Wakasimama wao, miezi na miezi, wengine na watoto mikononi. Walifungwa, wakarudi. Na hawakudai mshahara wa waume tu. Walidai pia maji ya bomba katika nyumba za wafanyakazi, jambo ambalo wanaume wa sendika walikuwa wanaliweka mwisho wa orodha.

Wachezaji wengi wa filamu ile walikuwa wachimbaji wenyewe na familia zao. Juan Chacón, aliyecheza bwana, alikuwa mkubwa wa sendika ile kweli. Aliyecheza bibi, Rosaura Revueltas, alikuwa Mmeksiko. Marekani walimkamata na kumrudisha kwao kabla filamu haijaisha, na picha zake za mwisho zikapigwa Meksiko. Haikupigwa kwa ushirikiano wa kampuni mbili. Nchi moja ilimfukuza, nyingine ikampokea, na kazi ikaisha.

Niliwaelezea wamama filamu ile kwa mdomo, juu hatukuwa nayo. Yule wa Kapata alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sasa, ba mama bale, balikuwa na karte ya sendika?" Nikasema hapana, walikuwa wake za wachimbaji tu. Akasema: "Na siye je?"

Hilo njo swali lililo mbele yetu, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Sendika yetu inapokea wenye kontra. Mama wa kusafisha hana kontra, analipwa kwa mufuko. Nilipeleka jambo lake katika mkutano wa section yetu. Wamama saba walikuja, wamevaa vizuri, wakakaa karibu na mlango. Waliomba mambo manne. Mizani isomwe mbele ya watu wote. Ile mashine ya kupima madini, tunayoiita Metorex, isisomwe na mnunuzi peke yake. Kuwe gloves na buti kwa wanaoingia majini. Na kuwe mahali pa kuacha watoto mbali na vumbi. Hakuna mmoja aliyeomba kuwa tajiri.

Wenzangu walisema maneno ambayo ninayaheshimu, juu si watu wabaya. Walisema: hawa hawana mwajiri, tutamdai nani? Hawatoi mchango kila mwezi, nani atawalipia? Tukifungua mlango kwa wamama, kesho wachimbaji wote wa mikono wataingia, na kampuni itasema hatusemei tena wafanyakazi wake. Tulipiga kura. Hapana ilishinda kwa kura tatu. Wamama waliinuka, wakasema asante, wakatoka. Nilitamani watutukane.

Niliwaambia wenzangu jambo moja, na nilirudie hapa. Desemba 1941 Mweusi hakuwa na ruhusa ya kuunda sendika katika Kongo; ruhusa ya kwanza ilikuja 1946. Waliokufa tarehe 9 hawakuwa na karte. Kwa kanuni tuliyoitumia siku ile, Léonard Mpoyi naye angekaa karibu na mlango, na sisi tungemwambia hapana.

Novela imeisha. Gabriela alishinda, kama walivyotaka, na kiwanja cha jirani sasa kinaangalia nyingine. Yule mama wa Kapata anakuja bado, anakaa mbele juu ya bidoni yake. Haniulizi tena, lakini mimi ninaona anangoja. Section yetu itapiga kura tena kabla mwaka haujaisha. Tulikosa kura tatu. Walioinua mkono kusema hapana wanasoma gazeti hili, najua, na wengi wao niliwaona wamesimama nyuma katika kiwanja kile, wakijifanya wanapita. Wandugu, mwanamke mwenye kofia ya mgodi mulimpigia makofi usiku mzima. Kabla ya kupiga kura, mumfikirie na huyu anayekaa mbele yenu.